Kijiti Kinene

Aliyeniambia kwanza habari za vijiti vya udi vya Babu Wen ni Bi Mwantumu, mwenye nyumba wetu pale Kariakoo, nami nikiwa mtoto wa darasa la pili. Tulikuwa uani tunachambua mchele.

"Zuhura, wewe una mkono mwepesi, kwa hiyo sikiliza. Vijiti vya Mchina havipulizwi kwa mdomo. Na siku ukiona viwili vimekwisha na kimoja kimebaki kirefu, nyamaza umwombe Mungu. Kuna mtu wa nyumba hii anaondoka."

"Anakwenda wapi, bibi?"

"Anakokwenda kila mtu."

Babu Wen alipanga chumba cha mwisho, karibu na choo. Alikuwa mpishi wa melini, akashuka Dar es Salaam kabla baba yangu hajazaliwa, asirudi tena kwao. Dini yake haikuwa ya msikiti wala ya kanisa. Mwenyewe aliiita Njia. Udi wa ibada yake aliutengeneza kwa mikono. Alichonga mianzi myembamba kama vijiti vya mishikaki, akakanda unga wa sandali pamoja na unga wa gome lenye utelezi, kisha akaviringisha kila kijiti juu ya ubao kwa kiganja mpaka kikawa sawasawa toka juu hadi chini. Vilikauka kivulini, maana jua kali huvipasua.

"Huyu anavukiza kuliko masharifu," Bi Mwantumu alizoea kusema. Lakini moshi ule ulipofika chumbani kwake hakufunga dirisha.

Siku mbili kabla ya mdogo wangu kuzaliwa, niliomba niviringishe kimoja. Babu Wen akanisogezea ubao. Nilikuwa nimetoka kuosha vyombo, mikono imelowa, na nilikuwa na haraka. Kijiti changu kikatoka kinene katikati kama nyoka aliyemeza panya. Nilidhani atakitupa. Alikitazama, akacheka bila sauti, akakianika pamoja na vyake.

"Hiki cha mama," alisema.

Uchungu ulimshika mama asubuhi. Baba alikuwa zamu kiwandani. Bi Mwantumu, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa mtaa, aliingia naye chumbani akafunga mlango. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia, na mlango haukufunguliwa ila kupokea maji ya moto. Nilikaa kwenye korido nikisikiliza. Vilio nilivizoea upesi. Kimya cha katikati ndicho kilichonitisha.

Babu Wen akatoka na kopo la maziwa lililojaa mchanga. Akachomeka vijiti vitatu, changu katikati, akaviwasha, akaipunga miali kwa mkono mpaka ukabaki moshi tu. Akainama mara tatu kuelekea mlango wa mama. Hapo Bi Mwantumu akatoa kichwa, kanga imemlowa jasho.

"Babu, nenda ukanitafutie gari. Mtoto amekwama. Asipotoka sasa hivi, tunampeleka hospitali."

Babu Wen akanigeukia kabla ya kutoka. "Wewe kaa. Tazama tu."

Nikatazama. Viwili vya pembeni vilishuka pamoja kama watu wanaotembea bega kwa bega. Changu kilibaki nyuma, moto wake umefifia. Unyevu wa mikono yangu ulikuwa bado umo ndani. Tofauti ikawa ukucha. Ikawa kidole. Nikakumbuka maneno ya Bi Mwantumu kule uani.

Kwetu, makaa ya chetezo yakilegea hupulizwa. Mtoto yeyote wa nyumba zetu anajua hilo kabla ya kujua kusoma. Sikufikiri. Niliinama nikapuliza.

Ncha iling'aa, ikakatika, ikaanguka mchangani ikazimika. Chumbani mama akapiga ukelele mmoja, kisha sikusikia kitu.

Babu Wen alinikuta hivyo, mikono kinywani.

"Babu, nimepuliza," nikasema. "Nimemuua mama."

Alivitazama vijiti, akautazama mlango. Kisha akachuchumaa, akakishika kile changu, akakivunja kwa vidole mpaka kikalingana na vile viwili. Akakiwasha upya.

"Sasa sawa," alisema. Kipande alichokivunja kilibaki mkononi mwake.

Gari lilikuwa tayari linanguruma nje mtoto alipolia.

"Mwanamume!" Bi Mwantumu alitoka akicheka. "Na mama yako mzima, Zuhura, acha kunitolea macho kama—" Akaona kipande kilichovunjika mkononi mwa Babu Wen. Kicheko kikaisha. "Wen! Si wewe mwenyewe uliyeniambia? Anayekivunja anajitwika kifo cha mwenzake."

"Mimi mzee," alijibu. "Yule ana watoto."

Baadaye Bi Mwantumu alisema mtoto alitoka kwa amri ya Mungu na kwa mikono yake yeye mkunga, si kwa vijiti. Nami naamini hivyo. Sasa nina mwanangu, na akishikwa na homa navukiza ubani na kuyapuliza makaa kama alivyofanya mama. Ila kila nikiinama humkumbuka Babu Wen. Mimi nilipuliza bila kufikiri. Yeye alifikiri. Aliamini kwamba kile kijiti kinamchukua mtu, na huku akiamini hivyo alikivunja, kwa ajili ya mpangaji wa chumba cha jirani na mtoto aliyeharibu kazi yake.

Alfajiri iliyofuata kuzaliwa kwa mdogo wangu, kabla nyumba haijaamka, nilikwenda pekupeku hadi chumba cha mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, Babu."

Kimya. Mimi nilikuwa mtoto wa sauti ndogo. Mwalimu alizoea kunisimamisha nirudie jibu. Nikarudia, kwa nguvu zangu zote.

"Shikamoo, Babu!"

Kitanda kikalia. Akakohoa. "Marahaba," alisema. "Mbona mapema?"

Niliuchukua ubao wake uliokuwa umeegemezwa ukutani pale nje, nikakaa mlangoni pake, nikaifuta mikono yangu kwenye gauni, kiganja na nyuma, mpaka ikakauka kabisa.