Glasi ya Fundi wa Maji

Kila mara fundi wa maji anapofungua bomba jipya, huvua kofia kwanza, kisha hubandika sikio kwenye chuma na kutabasamu kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake. Mama Bijou, muuza sombe, yaani majani ya muhogo, amemzoea hivyo. Lakini leo mama huyo hakumsalimu fundi. Shirika la maji limeamua kupeleka maji kwenye galeri, yale maduka ya vioo yaliyojengwa palipokuwa soko lao, na mtaa wenyewe hauna hata tone. Fundi akafungua tundu la kusafishia bomba, palepale wanawake wa soko walipokuja kupiga kelele. Maji yakaruka mekundu. Kazi ndivyo ilivyo: ya kwanza humwagwa mpaka yatakate.

"Na siye tutakunywa nini?" Mama Bijou akafoka.

Baada ya muda fundi akakinga glasi yake, akainyanyua juani. "Maji iko bado muchafu, patron," akamwambia meneja wa galeri, aliyesimama kando akiyasubiri maji yake. Kisha, bila kugeuka: "Bamama, mabidoni!"

Wakakimbilia madumu yao, wakacheka, wakasukumana. Akakinga tena, akatikisa kichwa. "Bado." Mabidoni yakajaa, mabeseni yakajaa. "Bado kidogo, patron." Kupitia glasi ile, Mama Bijou aliiona vizuri kabisa mistari ya kravati shingoni mwa meneja.