Mkulima wa Mdandu Niliyemuua kwa Wivu

Mpaka leo nikipita stendi ya Njombe nikasikia mtu anacheka nyuma yangu, hata kama anacheka mambo yake, mimi naongeza mwendo. Jambo hili nililificha nyumbani, nikalificha kanisani, lakini watu wa Mdandu wameshalitembeza, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenye aibu yake kuliko mlisikie limeongezwa chumvi (ingawa chumvi yenyewe halihitaji).

Mimi ni Gaudensi, wengi mnaniita Gau. Mimi na Zuhura wa Makambako tulisoma chuo kimoja cha kilimo, tukamaliza pamoja, tukakosa ajira pamoja, ndipo tukakubaliana kila mtu aandike mwongozo wake wa kilimo cha viazi mviringo na kuuweka kwenye soko la mtandaoni, mtu analipia kwa simu, anaupakua, anausoma akiwa shambani kwake. Tukaiweka. Mwanzoni yote miwili ilinunuliwa, tena wangu ulitangulia kidogo, nami nikaanza kutembea mjini mikono nyuma kama mwenye kiwanda. Nilikuwa nawaambia watu kwamba bidhaa ya mtandaoni ni kama mparachichi, unapanda mara moja, halafu kazi yako ni kukaa kivulini unasubiri kuchuma.

Basi nikakaa kivulini. Msimu uliofuata wangu ukapungua, msimu wa pili yake ukanyamaza kabisa, huku wa Zuhura ukizidi kutoka. Na sababu niliijua, hilo ndilo lililoniuma. Kila msimu yule dada anaurekebisha mwongozo wake, dawa ya ukungu iliyoadimika madukani anaitoa na kuweka nyingine, anaongeza picha za vinyungu (haya mashamba yetu ya mabondeni tunayolima kiangazi), anabadilisha jalada, walionunua zamani anawatumia toleo jipya bure, na mtu akiuliza swali anajibiwa kwa upole, "Shikamoo baba, hebu niambie majani yana rangi gani." Mimi mtu akiniuliza nilikuwa namwandikia, "Soma ukurasa wa sita."

Wivu ulinishika jamani. Na si ule wivu wa kutamani kuwa kama mwenzako, ni ule mwingine, wa kutaka na yeye akose kama wewe. Kila asubuhi kabla sijanawa uso nafungua ukurasa wake kusoma anavyosifiwa, nyota tano, nyota tano, "Mungu akubariki binti yetu," na chai yangu inapoa mezani (na Njombe chai ikipoa imepoa kweli).

Sasa asubuhi moja, mvua za kupandia zikiwa zinanukia, nikafanya kitu ambacho wakati ule nilikiona kidogo sana. Nikafungua akaunti nyingine, nikajiita Mzee Valeriani, mkulima, Mdandu. Mdandu niliichagua kwa sababu kule sina ndugu. Soko lile halikuruhusu kutoa maoni mpaka uwe umenunua, ingawa halionyeshi umenunua lini, kwa hiyo nikaununua mwongozo wa Zuhura (yaani katika vita vya kuua biashara yake nilianza kwa kumuungisha), nikampa nyota moja, nikaandika hivi: "Nimefuata mwongozo huu, viazi vyangu vyote vimeoza, sijui watoto watakula nini. Wakulima wenzangu, nunueni wa Gaudensi wa Njombe, huyo ndiye bingwa wa viazi huku nyanda za juu, tena ni kijana mtaratibu mwenye sauti nzuri." Hayo ya sauti sijui niliyatoa wapi, nadhani mkono ulishanogewa.

Nilitegemea Zuhura atakasirika. Hakukasirika, alilia. Siku hiyohiyo akauondoa mwongozo sokoni, na msimu ndio huo unaanza, wakati ambao watu wananunua kweli, kisha akanipigia simu.

"Kaka Gau, nimemtia mzee wa watu njaa," akasema. "Siwezi kuuza tena mpaka nimwone, nijue nilikosea wapi. Nimeona amekusifu wewe, bila shaka ni mteja wako. Unamfahamu?"

Hapo ningesema simfahamu, habari ingeishia hapo. Lakini fikirieni, misimu mizima hakuna aliyeniuliza habari ya mteja, leo ananiuliza Zuhura mwenyewe. Nikajikuta kifua kimepanda, nikasema, "Mzee Valeriani? Namfahamu sana. Huyo ni mtu wangu."

"Basi kesho nipeleke."

Kesho yake akaja kunichukua Njombe kwa pikapu ya baba yake, na nyuma amepakia sukari, mafuta, sabuni, blanketi, na gunia la mbegu safi ya viazi kutoka stoo kwao. Huku kwetu mtu akipata hasara pole yake haitumwi kwa simu, unaibeba mwenyewe. Njia nzima ananisimulia jinsi atakavyopiga magoti kumwomba mzee radhi. Nikawaza niseme mzee amehamia Mlangali, nikachungulia mafuta ya gari, tanki limejaa, Mlangali angeenda. Ndipo nikaona dawa ni moja tu, mtu ambaye hafuatwi popote ni aliyekufa.

"Dada Zuhura," nikasema, "sikutaka kukwambia kwenye simu. Mzee Valeriani amefariki."

Akasimamisha gari pembeni. "Kwa sababu ya viazi?"

"Presha."

Akasema innalillahi, akainamisha kichwa kwenye usukani, hadi nikaanza kumhurumia yeye na kumlaani Mzee Valeriani. Kisha akajifuta machozi, akawasha gari. "Basi twende kwa mjane. Kumbe tumechelewa."

Hapo ndipo nilipokumbuka, nimechelewa mno, kwamba kwetu mgonjwa unaweza kuacha kumwona ukasingizia mvua, lakini msiba huwezi kuukwepa.

Mdandu tulielekezwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja mrefu aliyevaa koti la kiume, tukamkuta anapeta maharage. "Kamwene," akatusalimu, tukaitikia, akatukaribisha vigoda. Zuhura akaeleza kwa adabu kwamba tumeleta rambirambi kwa familia ya marehemu Mzee Valeriani.

"Valeriani yupi?"

Zuhura akanitazama. "Yule mkulima wa viazi, mama," nikasema. "Aliyefariki jana."

Mama akaweka ungo chini. "Baba, hapa watu hawafi kimyakimya. Mtu akifa, mimi ndiye ninayepitisha mchango wa jeneza, vijana wanachimba, akina mama wanapika, jumuiya inasali. Huyo wenu anazikwa na nani?"

Kwa mwenyekiti lile halikuwa swali dogo, maana kama kuna mtu kafa kwenye eneo lake na hazikwi na watu, fedheha ni yake. Akamwita kiongozi wa jumuiya, kiongozi akawaita wenzake, habari ikapita mashambani kwamba kuna maiti haijulikani ilipo, na muda si muda uwanja ukajaa, akina mama wamejifunga khanga viunoni tayari kwa kulia, wanaume wamekuja na majembe, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaburi lichimbwe au bado.

Zuhura, kwa nia njema kabisa, akatoa simu. "Labda nikiwasomea maneno aliyoniandikia mtamtambua."

"Dada, si vizuri kusoma maneno ya marehemu mbele za watu," nikasema.

"Soma, binti," mwenyekiti akasema.

Akasoma. Kwenye viazi kuoza watu wakaguna kwa huruma. Kwenye watoto watakula nini, bibi mmoja akaanza kulia kabisa. Kisha akafika kwa Gaudensi wa Njombe, bingwa, kijana mtaratibu, mwenye sauti nzuri.

Bibi akaacha kulia. Mzee mmoja aliyeegemea jembe lake akasema, "Mtu viazi vimeoza na watoto hawana chakula, anapata wapi nafasi ya kusifia sauti ya kijana?"

"Na huyo Gaudensi ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ni huyu kaka aliyenileta," Zuhura akasema, na nadhani ni wakati anayatamka hayo ndipo na yeye alipoyasikia.

Mwenyekiti akanipima kuanzia viatuni mpaka kichwani. "Wewe ndiye uliyesema unamfahamu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye uliyesema amekufa?"

"Ndiyo," nikajibu, kwa ileile sauti nzuri.

Akawageukia watu wake. "Haya, rudisheni majembe. Marehemu ndiye huyu amesimama."

Sijawahi kuchekwa namna ile. Akina mama waliokuja kulia walikaa chini kabisa wakishika mbavu, na mmoja akaniomba niimbe hata ubeti mmoja waisikie hiyo sauti. Zuhura peke yake hakucheka.

"Gau, ni wewe?"

"Ni wivu tu, dada."

Alishusha vitu vyote akamkabidhi mwenyekiti agawie waliokatishwa kazi zao, na gunia la mbegu nalo, akaingia kwenye pikapu. Nilipoufikia mlango wa upande wangu akaniambia ana haraka, anataka kuurudisha mwongozo sokoni kabla mvua hazijaanza, akaondoka. Nilirudi Njombe kwa bodaboda, na dereva alikuwa mmoja wa wale waliokuja na jembe, akanisimulia kisa changu njia nzima, na kila tulipokutana na mtu anayemfahamu alisimama akakianza upya.

Yale maoni niliyafuta. Sitaandika tena chini ya jina lisilo langu, na sitamsema vibaya mwenzangu kwa sababu chai yangu imepoa. Wivu wenyewe haujaisha, sitawadanganya, mwongozo wake umerudi na unatoka kuliko zamani, wakulima wa Mdandu wenye simu ndio walioongoza kuununua, na mimi kila asubuhi bado nafungua ukurasa ule.

Mwisho niliununua tena mwongozo wake, safari hii kwa jina langu, nikaweka nyota tano, nikaandika kwamba ni kazi nzuri, kwamba nimekosa, na kwamba naomba radhi mbele ya wote wanaosoma. Nikakaa na simu mkononi kutwa nzima. Jioni jibu likaingia: "Asante kwa maoni yako, mteja. Karibu tena."

Nikapitia majibu yake yote, ya juu na ya chini. Wazee anawaita baba, akina mama anawaita mama, vijana wote anawaita kaka. Aliyeitwa mteja ni mimi peke yangu.