Ngwe ya Sita

Kila masika maji ya Kariakoo yaliteremka kuelekea Jangwani kwa kupitia vyumbani mwetu. Mwaka ule tawi la chama likaamua mtaa ujitolee kuchimba mfereji, kila Jumamosi, mvua zitukute tumemaliza. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa hiyo kazi ya kusimamia ikaniangukia.

Nilipima kwa kamba ya katani. Nyumba kumi, wachimbaji kumi, ngwe kumi. Kila ngwe ilikuwa hatua kumi na mbili kwa urefu, na kina cha goti. Nilikata kijiti nikakitia alama ya kina hicho ili tusibishane. Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kikapu, asije mtu akasema nimependelea. Ngwe ya sita, iliyopita mbele ya mlango wangu, ilimwangukia bwana wa nyumba ya tatu. Alikuwa karani wa shirika moja la umma, mtu wa suti ya mikono mifupi na viatu vinavyong'aa.

Nilikuwa na daftari. Tangu zamani naandika ninachokiona, si ninachoambiwa. Ukurasa wake wa Jumamosi ya kwanza bado naukumbuka: "Saa mbili na nusu, amefika. Saa tatu, anaeleza maana ya kujitegemea. Saa nne, ameshika jembe. Saa nne na dakika tano, ameweka jembe chini, anaeleza tena." Jumamosi ya pili alikuja na glovu. Alizivaa, akazivua, akaenda kunywa kahawa. Ya tatu alisema mgongo.

Nilijaribu njia zote nilizozijua. Nilimwomba wa ngwe ya tano abadilishane na kuli mmoja wa sokoni, mtu wa kusini aliyechimba kama anayefukua mihogo ya kwao, nikidhani karani ataona aibu. Hakuona. Nikampa kazi nyepesi ya kutuletea maji ya kunywa. Akaenda bombani na ndoo, akarudi na gazeti. Mwishowe nikamwita uani kwangu, nikamwekea kigoda.

"Ndugu yangu, una tatizo gani? Kama unaumwa sema, tukupangie kitu kingine."

"Mama mjumbe, hunielewi. Mimi kazi yangu ni kuhamasisha."

Jirani yangu wa chumba cha pili, aliyekuwa akifua, wala hakugeuka. "Basi lihamasishe jembe, baba. Sisi tumeshahamasika mpaka viganja vimetoka malengelenge."

Bwana yule akacheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Kila alipotaniwa alicheka pamoja nasi, na ngwe yake ikaendelea kuota majani.

Kufikia Jumamosi ya tano, ngwe tisa zilikuwa zimefika goti. Kati ya ngwe ya tano na ya saba kulibaki udongo mgumu, haujaguswa. Desturi ya mtaa wetu ni kwamba mtu akichelewa, wenzake humalizia. Nilikuwa nimeiona desturi hiyo tulipofyatua matofali ya darasa, na nilimwona pia mtu aliyemaliziwa akikaa kiti cha mbele siku ya sherehe. Nikawaambia wachimbaji ngwe ya sita asiiguse mtu.

Jumatatu jioni akaja katibu wa tawi. Mgeni rasmi kutoka wilayani angefika Jumamosi.

"Mama mjumbe, hicho kipande wenzake wakimalize kesho."

"Kina mwenyewe, ndugu katibu."

"Mwenyewe ni mratibu wa mradi. Ndivyo taarifa inavyosema."

Mratibu! Nikafungua daftari, nikamsomea Jumamosi zote tano, saa kwa saa. Akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Hayo ni majungu."

"Majungu hayaandikwi pamoja na saa zake."

"Haya. Mvua ikinyesha kesho, maji yataingia chumba cha nani? Si chako? Sasa unamkomoa nani?"

Swali lilikuwa la haki. Maji yangeingia kwangu, na kwa jirani yangu vilevile. Katibu alipoondoka nikamwuliza jirani kama naye yuko tayari. "Mimi nina matofali," akasema. Tukayapanga mlangoni kwake, tukaziba kwa udongo. Kwangu hayakubaki. Nikapandisha godoro mezani na redio juu ya kabati.

Mvua ilinyesha Ijumaa asubuhi. Maji yalitoka sokoni na maganda ya ndizi, yakapita ngwe tano vizuri kabisa, hata nikajisikia fahari. Kisha yakakuta udongo, yakasimama, yakapanda, yakageukia mlango wangu. Nilikaa kizingitini, miguu ndani ya maji. Majirani wakatoka na majembe.

"Mama, sema neno tu," kuli akaniambia. "Sasa hivi tunaifungua."

"Hapana. Kamwiteni mwenyewe."

Alikuja na mwavuli, yuko njiani kwenda kazini, katibu nyuma yake. Akatazama maji, akatazama watu wenye majembe mabegani.

"Jamani, hakuna wa kusaidia?"

Safari hii hakuna aliyetania, na bila utani hakuwa na la kucheka. Jirani yangu akamnyooshea jembe langu, mpini mbele.

Alivua viatu, akaviweka barazani kwangu, soksi ndani yake. Alichimba vibaya. Tope lilimrukia mpaka kifuani, akapumzika kila mapigo matatu, na hakuna aliyemsogelea. Saa sita maji yakapata njia nyembamba, yakaingia ngwe ya saba. Akanyoosha mgongo, akanitazama. Nikashuka na kijiti changu, nikapima.

"Bado kiganja kimoja."

"Mama mjumbe, na mvua hii!"

"Kiganja kimoja, ndugu."

Akakichimba.

Ndani kwangu maji yalikuwa yameacha tope chini ya kitanda, na chini ya kitanda nilikuwa nimesahau unga wote wa mwezi, unga nilioupangia foleni tangu alfajiri. Niliumwaga. Katibu aliniambia mbele za watu kwamba nina roho mbaya, nilikuwa radhi kulala kwenye maji ili nimwaibishe mwanaume. Uchaguzi uliofuata akapatikana mjumbe mwingine, mtu mpole.

Siku ya makabidhiano nilimpa kamba na kijiti. Katibu akanyoosha mkono, akitaka na daftari. Nikamwambia daftari nililinunua mwenyewe, nikaondoka nalo kwapani. Ninalo hadi leo. Mstari wa mwisho unasema: "Ngwe ya sita, kina cha goti, imechimbwa na mwenyewe."