Kiti cha Pijo

Kila asubuhi, kabla jua halijagusa kilele cha Meru, Bi Twahira alikuwa akitoka uani na kitambaa mkononi, anafungua mlango wa abiria wa gari lao la Pijo, anakigeuzia kiti mgongo na kujishusha taratibu. Anafuta dashibodi mara mbili tatu, ili anayechungulia dirishani aone mtu anayepangusa vumbi. Kisha anashika nguzo ya mlango, ananong'ona bismillahi, anajikandamiza chini. Zile springi za zamani zinabonyea, zinarudi juu, na zinaporudi naye anainuka nazo. Akisimama kwa mara moja, siku hiyo ni yake.

Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeambiwa. Kochi la sebuleni hakulikalia, alisema lina joto. Bajaji ilikuwa chini mno. Ni Pijo tu, ile nyeupe aliyoiacha marehemu mumewe Shabani, iliyompokea na kumrudisha bila kumwuliza swali. Mwanawe Najim alimpeleka nayo kila siku kutoka Moshono hadi sokoni Kwa Mrombo, alikokuwa na meza ya viungo: iliki, mdalasini, pilipili manga, na bizari aliyoitwanga mwenyewe kama alivyofundishwa na mama yake, mtu wa Pangani.

Kuficha kulikuwa na sababu. Alasiri moja akianua nguo, alimsikia mkwewe Salha jikoni akimwambia Najim, "Mama amechoka. Siku akishindwa kuinuka mwenyewe, meza nitaishika mimi. Yeye akae ndani, apumzike."

"Hilo halina mjadala," Najim alijibu.

Walisema kwa mapenzi, wala hawakunong'ona. Bi Twahira alishika kamba ya nguo asianguke. Mtu akikutakia mabaya utagombana naye. Akikutakia mema utamshika wapi? Kupumzika alikujua. Dada yake alipumzishwa kule Terrat, akapewa godoro zuri na runinga, na tangu hapo hakuna aliyemwuliza bei ya kitu chochote.

Aliyehisi ni mmoja, Fransiska, muuza ndizi wa meza ya pili. "Dada, mimi nina chumba hapa nyuma ya soko, kitupu," alimwambia. "Kitanda cha mbao, kiko juu, unakaa unainuka. Siku safari ikikushinda, njoo." Bi Twahira alicheka. Mama mwenye mwana, alisema, hapangi chumba.

Jumamosi moja Najim akasema watapitia gereji kwanza, shokapu zimekufa. Gereji ya Elifuraha iko jirani na soko, kwa hiyo mama hakuwa na neno.

"Shikamoo mama," fundi alisema, akifuta mikono. Akamsogezea kiti cha plastiki.

"Marahaba mwanangu. Nimekaa tangu Moshono, acha damu itembee." Akaegemea pipa la oili.

Hapo ndipo Najim alipofungua buti na kutoa springi nne, nyeusi, mpya.

"Hizo mbona fupi?"

"Sapraizi, mama. Leo tunaishusha. Kesho wenye magari ya kizamani tunakutana, na Pijo ya baba haiwezi kusimama pale imenyanyuka kama kuku kwenye matope."

Elifuraha akacheka. "Mimi watu wote wananiletea magari niyainue, mawe yamewashinda. Wewe unayapelekea mawe gari. Tuta la kwanza tu unaacha ekzosi njiani."

"Tuta naliingia kwa upande, fundi."

"Kwa upande kama kaa. Haya, si nyie ni watu wa pwani."

Bi Twahira hakucheka. Gari alimpa Najim yeye mwenyewe, siku ya harusi ya mwanawe, mbele ya wajomba, na mpewa hapokonyeki. Angeweza kukataa kama mama tu. Lakini Najim angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja.

Jeki ikaingia, tairi zikatoka. Elifuraha akaibana springi ya kwanza kwa vibano viwili vya chuma, anakaza huku, anahamia kule, ili isilemee upande mmoja. "Toka mbele yake," alimwambia Najim. "Hii ikichomoka haikuulizi jina." Springi ikalia kidogo. Gereji nzima ikasogea nyuma mpaka springi ilipolala chini. Bi Twahira alikuwa amebana pumzi, ila si kwa ajili ya springi hiyo.

Mbele kulipokwisha, Najim akaenda kununua soda. Fundi akabaki amechuchumaa, macho kwenye nati.

"Mama, tangu umefika hujakaa."

"Nimekwambia, damu."

"Bibi yangu kule Machame naye alikuwa na damu hiyo hiyo." Akashusha sauti. "Nikisema springi hizi zimekataa, nani atanibishia? Narudisha za zamani, yanaisha."

Maneno hayo yalimwingia kama maji kwenye koo kavu. Akamtazama yule mtu, uso wake mwema, huruma imeshaanza kukaa machoni. Ni huruma ile ile ya jikoni.

"Halafu kesho nikipita hapa utanitazama vipi?"

Elifuraha akarudisha macho kwenye nati.

"Maliza kazi yako, mwanangu."

Gari liliposhushwa, Najim akapima. Zamani ngumi yake nzima ilipita kati ya tairi na madigadi. Sasa vidole viwili, kwa shida. Bi Twahira hakutazama tairi. Alitazama kiti. Zamani ukingo wa kiti ulilipita goti lake. Sasa goti ndilo lililoupita.

Salha naye akawasili na chapati na chupa ya chai, akasimama kinywa wazi. "Jamani, imekuwa ya bwana harusi."

"Wa kwanza kukaa ni mama," Najim alisema. "Kiti chake hicho." Salha akainua simu apige video.

Bi Twahira akageuza mgongo, akajishusha. Kiti kilikuwa mbali kuliko alivyokizoea, na kipande cha mwisho hakukaa, alidondoka. Magoti yakapanda juu.

"Unaionaje, mama?"

"Kama niko mkekani."

Wakacheka wote. "Haya teremka, tupige ya pamoja."

Akashika nguzo. Bismillahi. Akajikandamiza. Springi mpya hazikubonyea. Zilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, hazikuchukua kitu wala hazikurudisha kitu. Akapanda kiasi cha kiganja, akarudi chini.

"Ngoja niionje kidogo."

"Imemkolea," Najim alisema.

Akajaribu tena. Nyonga ikamchoma mpaka kwenye meno. Akarudi chini tena, na safari hii kila mtu aliona. Salha akashusha simu. Akasogea, akanyoosha mkono.

"Mama, nipe mkono." Sauti laini, ile ya jikoni.

"Wewe si ulikuwa unapiga picha? Piga."

Hakuushika mkono huo. Alijisukuma mbele, akateleza kutoka kitini, magoti yakatua kwenye udongo mweusi wa oili. Akatambaa hadi kwenye pipa, mbele ya mwanawe, mkwewe, fundi na wateja wa fundi. Akalikumbatia pipa, akapandisha mguu mzima, akauvuta mbovu. Akasimama.

"Mama," Najim alisema. "Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Si ungeniambia."

"Ningekwambia, ningepumzishwa."

Salha akainamisha uso. Neno lilikuwa lake, alilijua. "Mama, hatukuwa na nia mbaya."

"Najua, mwanangu. Mngekuwa nayo ningeshawajibu zamani."

"Fundi, zitoe," Najim alisema. "Rudisha za zamani, sasa hivi."

Elifuraha akaifuata jeki. Bi Twahira alikuwa ameshachukua kikapu chake.

"Kupendeza limependeza," alisema akilitazama gari, na hakuwa anadanganya. "Mimi nina wateja wananisubiri."

"Nitakupitia jioni, mama."

Bi Twahira akatoka getini kwa miguu, kanga ina mabaka mawili meusi ya magoti, akachechemea wazi wazi bila kumficha mtu, akapotelea kwenye watu wa soko.

Jioni Najim alifika Kwa Mrombo. Pijo ilikuwa imerudi juu, inanesa kama zamani. Akaufungua mlango wa abiria, akaacha injini inaunguruma. Meza ya viungo ilikuwa imeshafunikwa turubai. Fransiska alikuwa anapanga ndizi zake zilizobaki.

"Ameshakula," alimwambia kabla hajauliza. "Anasema nguo zake Salha akizileta atashukuru. Na mkitaka bizari mje asubuhi, inawahi kwisha."

Najim akatazama chumba cha Fransiska nyuma ya soko, mlango umerudishwa, taa inawaka ndani. Akarudi, akasimama kando ya gari, akasubiri. Soko likafungwa lote. Mlango wa abiria alikuwa bado hajaufunga.