Redio Iliyoandikwa Tarehe 12 Julai

Kuna mtangazaji mmoja wa michezo ambaye kila asubuhi hutukumbusha yaliyotokea siku kama ya leo: nani alifunga, nani alifungwa, nani alitoka uwanjani analia. Sina ugomvi naye, anatafuta riziki yake. Lakini kila mwaka ikifika tarehe 12 Julai mimi huacha chai yangu mezani na kwenda uani, nikajifanya nahesabu kuku. Najua atakachosema. Atasema siku kama ya leo, mwaka 1998, Ufaransa iliifunga Brazili mabao matatu kwa bila na kutwaa Kombe la Dunia. Atalisema kwa shangwe, kana kwamba siku ile hakuna aliyepoteza kitu ila Brazili.

Kwetu tarehe hiyo iko kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi kwenye redio ndogo ya betri mbili. Mwandiko ni wangu.

Baba alikuwa fundi redio hapa Kamembe, mpakani na Kongo, hatua chache kutoka msikitini. Mimi nilikuwa karani wake, kwa sababu mwandiko wake hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma. Redio ikiletwa, kitu cha kwanza baba alitoa betri na kumrudishia mwenyewe mkononi. Hilo ndilo somo la kwanza alilonipa nikiwa bado mdogo: betri ikikaa muda mrefu ndani ya redio isiyowashwa huvuja, na maji yake hula kila kilichomo. Baada ya hapo niliandika karatasi: tarehe, mwenye redio anatoka wapi, redio inaumwa nini. Nikaifunga kwa uzi, redio ikapanda rafuni kungoja zamu yake.

Rafu ya juu kabisa ilikuwa ya redio zilizokwisha kupona ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Wengine walivuka daraja kwenda Kongo mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji. Wengine mwaka huo huo hawakuvuka kwenda popote. Baba hakuziuza wala hakuziwasha. Alisema mali ya mtu ni ya mtu mpaka aje mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa amesikia redioni mwaka ule maneno ambayo hakutaka kuyasikia tena, hakumvumilia mtu yeyote anayehutubia. Akisikia hotuba alizima. Alisikiliza mpira tu, maana kwenye mpira, alisema, mtu akipiga kelele walau unajua sababu.

Nyumbani sisi, watoto wa fundi, tulisikiliza redio iliyobanwa kwa mpira wa baiskeli, na kitufe chake kilikuwa kijiti cha kiberiti. Wateja kwanza. Ilikuwa sheria, na tulimtania baba kwayo mpaka tukachoka.

Kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliipenda Brazili mapenzi ya kuudhi. Ilipofika fainali aliapa kwamba hataisikiliza, ataiona. Ng'ambo, Bukavu, mama yetu mdogo alikuwa na televisheni ya rangi. Mama alikataa. Vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu nyuma, na mama hakuliamini daraja lile hata likiwa tupu. Baba ndiye aliyemwombea.

"Mwache mutoto aone mupira," alisema. "Kesho iko hapa."

Jumapili hiyo mchana, akielekea darajani, kaka alipita dukani kuacha redio yake. Ilikuwa ikikata sauti katikati ya maneno.

"Papa, safari hii unitangulize," alisema. "Miye pia ni client."

Baba alikuwa ameshika kazi ya mtu mikononi. Akamwonyesha meza kwa kidevu: weka pale. Nikaandika karatasi, nikafunga uzi. Betri hazikutolewa. Nani angemrudishia betri mkononi mtu anayerudi kesho?

Brazili ikafungwa, na kaka hakurudi kesho yake. Alituma salamu kwamba anaona haya kuja kuchekwa na watu wa duka la baba, ngoja kwanza wasahau. Tulicheka sana. Kisha mume wa mama mdogo akampa kazi ya kupakua magunia ya sukari, na wiki zikaanza kupita. Habari zake tuliletewa na maman mmoja aliyekuwa akivusha nyanya kwenda Bukavu kila siku.

Alhamisi ya mwisho ya Julai maman yule akasimama mlangoni pa duka na beseni lake tupu.

"Papa, kijana wako iko salama," alimwambia baba. "Anauliza kama radio yake imepona. Kama imepona, anakuya samedi kuichukua. Kama bado, ataendelea kwanza na kazi."

Baba alikuwa ameinamia redio ya mfanyakazi wa machimbo ya Muganza, kule kwenye kiwanda cha simenti, ambaye alikuwa ameomba sana aipate kabla ya zamu yake ya Jumamosi, samedi hiyohiyo. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie bado. Akuye wiki ingine."

Maman hakusikia vizuri kwa sababu ya lori lililokuwa likipita. Akaniangalia mimi. Nikamrudia, kwa sauti ya juu kidogo: "Anasema bado. Wiki ingine."

Jumapili, tarehe 2 Agosti, vita vya pili vilianza, na milio yake tuliisikia kutoka Bukavu tukiwa uani kwetu. Jumatatu asubuhi, mama mdogo alikuja kutuambia baadaye, kaka alivaa viatu akasema anarudi kwao. Kutoka pale hadi darajani ni mwendo wa saa moja kwa mtu asiye na haraka. Hakufika. Mmoja alidai alimwona juu ya lori la kuelekea Uvira, mwingine akadai alimwona akibebeshwa masanduku na wanajeshi. Baba alivuka mara nyingi mno kumtafuta, hospitali, magereza, makambini, mpaka askari wa mpakani wakawa wanamwamkia kwanza yeye.

Kila mwaka, Ramadhani ikiisha, mama aliomba jambo moja tu: tumsomee mtoto hitma, ili awe na mahali pa kumlilia. Na kila mwaka baba alijibu vilevile.

"Tunamusomea nani? Muntu iko mu njia."

Mama alidhani ni matumaini. Mimi nilijua ni ile bado. Baba na mimi hatukumwambia mama kuhusu ujumbe ule, wala hatukuambiana kwamba tusimwambie. Redio ya kaka ilibaki palepale mezani ilipowekwa, haikufunguliwa, haikupanda rafuni, na baba alifanya kazi zake akiizunguka. Nami nilimkasirikia baba miaka minne mizima. Nilimletea chakula, nilimwandikia karatasi zake, nikamjibu kwa neno moja moja. Ilikuwa rahisi kumkasirikia yeye kuliko kuikumbuka sauti yangu mwenyewe ikishindana na lori.

Ndipo likaja Kombe la Dunia jingine, lile la Korea na Japani, ambalo mechi zake kwetu zilichezwa mchana, watu wakiwa kazini au kanisani. Mechi ya kwanza ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Mei 2002: Senegali na Ufaransa. Watu walitoka swala ya Ijumaa wakaja moja kwa moja dukani kwa baba, kanzu zikiwa bado safi, na Wakristo wa sokoni walikuwa wamekwisha kushika nafasi nzuri.

Ufaransa ilikuwa bingwa wa dunia, ileile ya 1998. Senegali walipofunga bao, duka lilitikisika. Fundi viatu, jirani yetu mgeni aliyekuwa amehamia mtaani mwaka ule, aliruka na kiatu cha mtu mkononi.

"Leo banalipa ile ya Brazili!" alipiga kelele.

Nilimwona baba akitabasamu. Nilishtuka, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba jino lake moja la mbele limepinda.

Kipindi cha pili, umeme ukakatika. Redio kubwa ya duka ikanyamaza katikati ya sentensi, na watu wakaguna kwa pamoja. "Ingine! Lete ingine!" Redio zilijaa ukutani, lakini zote hazikuwa na betri, baba alihakikisha hilo kwa kila moja. Fundi viatu akanyoosha mkono mezani akainua ile ndogo, akaipima.

"Hii iko nzito. Iko na betri."

"Wacha hiyo!" Sijawahi kumsikia baba akipaza sauti vile. "Ni ya muntu!"

"Ya nani?" fundi viatu aliuliza, naye hakuwa na ubaya wowote.

Waliokuwa wakijua wakaangalia chini. Mtu mmoja akasema muuza nyama ana redio ya betri, na duka likamwagika barabarani. Tukabaki wawili. Baba alikuwa ameshika redio ile kwa mikono yote miwili, kwa mara ya kwanza tangu iletwe.

"Papa, ifungue," nikasema.

Akatikisa kichwa.

"Miye ndo nilimupelekea bado yako. Nataka kujua ilikuwa inagonjwa kitu gani."

Akaiweka redio mezani. Kisha akachukua bisibisi.

Alianza na betri, kama kawaida yake. Zilikuwa zimevuja. Unga mweupe ulikuwa umejaa kila pembe, na vyuma vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. "Sikutoa betri," alisema. Akasema tena, taratibu, "Sikutoa betri." Mtu ambaye alitoa betri za tarafa nzima. Alisugua kwa mswaki wa zamani, akapuliza, akasugua tena, na chini ya uchafu ule akaona waya mwekundu umeachia mahali pake. Basi. Hakukuwa na kitu kingine. Alipasha chuma chake cha kulehemu kwenye makaa ya jiko la chai, akaugusisha waya, akatia betri za tochi. Redio ikasema.

Ilisema wazi, bila kukata, kwamba mpira umekwisha na Senegali wameshinda. Nje Kamembe nzima ilikuwa barabarani, watu wakigonga masufuria na madereva wakipiga honi.

"Ni kazi ya minuti ngapi?" nikauliza. Nilijua jibu. Nilitaka alitamke, na hadi leo najilaumu kwa kulitaka.

"Tano," alisema baba, na akalia, kichwa juu ya meza, kati ya bisibisi na unga wa betri.

Mama akatukuta hivyo, sahani ya chakula mkononi, uso bado una furaha ya barabarani. Mpira hakuujua, ila alijua Ufaransa ndiyo iliyomtia haya mwanawe hadi akashindwa kurudi. Furaha ilimtoka polepole. Akaitazama redio inayosema.

"Hii si ya mutoto?"

Baba akamwambia. Alimwambia yote bila kujitetea, maman wa nyanya, samedi, wiki ingine, na waya mmoja. Alipofika kwenye ile bado, nikasema neno lile nililipeleka mimi.

Mama aliweka sahani chini. "Samedi," alisema. "Samedi angekuwa hapa."

"Ndiyo."

"Siku ile ulikuwa unatengeneza ya nani?"

Baba akaelekeza kidole rafu ya juu. Mama akapanda kwenye kigoda, mwenyewe, akaishusha redio ya mtu wa Muganza, akapangusa vumbi kwa ncha ya kitenge na kunipa. Hakujua kusoma.

"Soma."

"Muganza," nikasoma mwandiko wangu. "Inaunguruma. Haraka."

"Na hii ya mutoto?"

"12 Julai 1998. Inakata sauti."

"Ni hivyo tu uliandika?"

"Ni hivyo tu, Maman."

Alikaa juu ya kigoda, redio ya mtu wa Muganza mapajani. Hakumtukana baba, wala mimi. Nilitamani atutukane. Baadaye sana, kelele za nje zikianza kupungua, baba akasema yeye mwenyewe, bila kuombwa:

"Vendredi ijayo tutamusomea."

Tulimsomea Ijumaa iliyofuata. Mama alilia kwa sauti mbele ya watu, kama alivyokuwa ameomba miaka yote ile, na baba alikaa mlangoni akipokea mikono ya watu kama baba wa marehemu. Redio ya kaka ilihamia nyumbani, nayo ndiyo ninayoisikiliza asubuhi, ndiyo inayonifukuza hadi uani kila 12 Julai.

Ile ya Muganza mama aliirudisha rafuni kwa mikono yake na kukataza isiguswe. Hajaja mtu kuiulizia. Karatasi yake bado inasema haraka.