Jumamosi Isiyo na Mechi

Lorna Tveit, jirani yangu, anaendesha basi la shule hapa Haldane, kwenye mashamba ya ngano ya mashariki ya jimbo la Washington. Kaka yake, Wendell, anaishi Brandt, ng'ambo ya mto. Baba yao alipofariki, Wendell aliuza nusu yake ya shamba kwa kampuni bila hata kumgusia dada yake. Tangu hapo hawapigiani simu, na Krismasi kila mtu kwake.

Ila walikuwa na siku moja kwa mwaka: Jumamosi ile ya Novemba ambapo chuo chetu hucheza mpira wa Kimarekani na chuo cha Brandt. Tunaegesha magari nje ya uwanja, tunafungua milango ya nyuma, sufuria motoni, bia mkononi. Wendell alikuwa anatokea na kigoda chake cha kukunja na kofia ya zambarau yenye mbweha, nembo ya Brandt, anaketi kwa Lorna, matusi yanaanza.

"Dada, haya maharage umewapikia ng'ombe?"

"Kula unyamaze! Mbweha nyie leo mtalia."

Shamba halikutajwa kamwe. Mimi naegesha pembeni yao, nimesikia yote.

Basi ikaja televisheni. Kwanza ikachukua saa yetu. Mechi ya mchana ikasogezwa usiku, tukatetemeka kwa baridi ili wao wawe na cha kuonyesha. Kisha ligi kubwa, iliyoshiba fedha za televisheni, ikaichukua Brandt. Sisi hata hatukuulizwa. Sasa Brandt wanapanda ndege kwenda kucheza Ohio na New Jersey, na mechi yetu imefutwa. Wendawazimu mtupu!

"Mpigie kaka yako," nilimwambia Lorna.

"Nimwambie nini?"

"Aje ale!"

"Sisi hatupigiani simu. Ratiba ndiyo ilikuwa inamleta." Alisema hivyo bila hasira, bila chochote. Nilitamani kumtikisa.

Jumamosi yenyewe ilipofika, Brandt walikuwa Ohio na sisi hatukuwa na mechi. Lorna akapika, akaenda kuegesha palepale. Nikamfuata, ningemwachaje peke yake? Uwanja mzima wa magari ulikuwa mtupu, upepo tu.

Na Wendell akaja! Na kigoda, na kofia. Jamani, nilifurahi mimi. Nikasema moyoni, kumbe hawa watu wana akili.

Akaketi. Lorna akampakulia. Nikasubiri aanze na maharage.

"Matamu," akasema, akaendelea kula.

Lorna alikuwa anaangalia uwanja. Mwishowe akajaribu mwenyewe: "Mbweha hamna haya. Mmetukimbia kwa woga, semeni tu."

Wendell hajawahi kukosa jibu. Safari hii aliweka bakuli chini, akavua kofia.

"Samahani, Lorna. Mlivyofanyiwa si vizuri."

Alimwita Lorna, si dada.

"Haya," Lorna akajibu.

Wendell alipomaliza kula akampa mkono, kama mgeni, akakunja kigoda na kuondoka. Hakuna aliyetaja mwakani.

"Angalau amekuja!" nilifoka, maana nilikuwa na hasira na sikujua nimmalizie nani.

Lorna alikuwa anakwangua sufuria. Hakuinua uso.

"Kwa shamba la baba hajawahi kuniomba samahani," alisema. "Ameniomba kwa mpira."