Bresi Niliyoifukiza Unsi

Jamani, hii sijamwambia mtu, hata baba yake Hodan aliye malishoni huko Buna na ngamia (simu ikishika mtandao tunasalimiana tu), maana ni aibu ya kujitakia.

Hodan ni binti yangu wa miaka saba, misuli yake ni dhaifu tangu azaliwe na mgongo unapinda, kwa hiyo mimi na yeye tulihamia Garissa kwa ajili ya mazoezi ya viungo, tukapewa pia bresi ya plastiki ya kumfunga kifuani ili akae wima bila kushikwa. Na joto la huku mnalijua. Bresi ikanywa jasho, ikanuka, na siku moja kliniki mama mmoja akainuka kwenye benchi letu akaenda kukaa kwingine. Katika mji huu sina wa kuongea naye ila akina mama wa benchi lile, basi iliniuma mno.

Asubuhi ya kliniki iliyofuata nikawasha chetezo, nikatia unsi, ule uvumba wetu, nikaifunika bresi juu yake vile tunavyofukiza nguo, nikaenda kumnyoosha Hodan miguu. Kurudi, inanukia ajabu, lakini upande mmoja umelegea na kujikunja. Nikaubonyezabonyeza kwa mikono (fundi mimi), nikamfunga, tukaenda.

Na kweli walikuja kukaa karibu. "Abaayo, dada yangu, leo mnaenda arusi?" mmoja akaniuliza, nami nikafurahi, mjinga mimi. Kisha fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akamketisha Hodan mbele ya wote, akamwachia, na mtoto akaanza kulalia ule upande uliolegea, akadakwa karibu na sakafu. Fizio akanusa, akanitazama.

"Hooyo aliweka kwa moto inukie," Hodan akasema.

Chumba kizima kikacheka. Nikacheka nao, machozi yananitoka.

"Ungeniambia inanuka," fizio akasema taratibu. "Hii huoshwa kwa sabuni na maji ya baridi, basi." Nyingine itabidi ipimwe na kutengenezwa upya, na hajui itafika lini.

Nimeapa kuuliza kwanza, aibu ije baadaye. Lakini kiapo hakimketishi mtoto. Siku hizi anakaa kwa kuegemea kifua changu mchana kutwa, sisi wawili tu, na nikimlaza niende kuinjika chai ananiuliza, "Hooyo, unarudi?"